Eti "wamezoea"! Nimetoka kikao cha bajeti ya jiji nimevimba

Wakuu nimetoka ukumbini sasa hivi, vidole vinatetemeka, herufi zikipishana mnivumilie. Yule mheshimiwa mnamjua, yule yule aliyekuja sokoni kwetu kipindi cha kampeni akajitwisha tenga la nyanya kichwani ili apigwe picha. Leo madiwani wamekaa kupitisha bajeti inayoanza Julai 1, nikasema ngoja nikasikilize hela yetu inaenda wapi, nikapiga pasi shati, kizimba nikamwachia shemeji, nikakaa kule nyuma kwa wananchi kwenye kiti kina mguu mmoja mfupi.

Wakasoma safari za mafunzo, sawa. Posho, sawa. Mafuta ya magari, hapo nikajua magari ya jiji yanaenda mwezini na kurudi. Wakafika soko. Diwani mmoja mama mtu mzima akasimama akauliza mbona vyoo vimerukwa tena, matundu mawili yanahudumia soko zima. Yule jamaa ana sambusa shavuni, hajameza, akawasha maiki: "Wale wa sokoni wamezoea."

WAMEZOEA. Na ukumbi ukacheka, wakagonga meza! Nani anazoea kukunja suruali mpaka magotini na kubana pumzi kama anazamia pweza?? Mafuta ya sambusa yakadondokea kitabu cha bajeti, akayafuta kwa kidole, akalamba kidole. Nimeona kwa macho yangu. Mgambo akija kudai ushuru asubuhi ukichelewa dakika tano anabeba mizani, hapo hatuambiwi tumezoea, ila kunusa ndo tumezoea. Halafu "wanaoafiki waseme ndiyo", ndiyooo, imepita. Wamezoea! Na sambusa shavuni!

kobe_wa_mjini: Uzi bila picha. Sambusa ilikuwa ya nyama au ya viazi?

mpigadebe: Si wewe ulituambia humu tumpe kura, eti mtu wa watu? Tulia dawa ikuingie.

mzee_wa_kamati: Mnaenda barazani kama mnaenda mpirani. Bajeti inapikwa Kamati ya Fedha na Uongozi, pale ulikuta inapakuliwa tu.

Mleta uzi: @mzee_wa_kamati sijauliza inapikwa wapi, nasema kasema WAMEZOEA.

bajaji_namba_moja: Bora nyie mna hayo matundu mawili. Kijiweni kwetu kuna shimo lina umri kuliko mwanangu wa kwanza.

mzee_wa_kamati: Barabara hizo siyo za jiji, tangu 2017 ziko TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini.

bajaji_namba_moja: Shimo halijui TARURA mzee, linajua shokapu zangu.

dada_cherehani: Na ile mikopo ya vikundi, asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri je? Nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu, kwenye karatasi tamuu. Sisi tuko watano, katiba tumeandika, akaunti tumefungua, fomu ikafika kata, 2023 mikopo ikasimamishwa nchi nzima. Iliporudi tukaambiwa tujaze upya, mwenzetu mmoja kashaolewa kahama mkoa, tumebaki wanne tunatazamana.

kobe_wa_mjini: Mwingizeni mumewe.

dada_cherehani: Kikundi cha WANAWAKE we kobe.

mama_vitafunwa: Hizo sambusa za kikao napeleka mimi. Ni za nyama. Na za kikao kilichopita sijalipwa hadi leo, kila nikienda naambiwa faili liko kwa mweka hazina, mweka hazina yuko kwenye kikao, na kikao ndo hicho wanakula sambusa zangu.

kobe_wa_mjini: Pole mama. Utakuwa umezoea.

mpigadebe: 😂😂😂 Mama unafikisha stendi? Bei gani?

mama_vitafunwa: 500, ukichukua kumi naongeza moja. Pilipili pembeni.

Mleta uzi: Wakuu turudi kwenye mada jamani, mtu kasema tumezoea

bajaji_namba_moja: Mama na mimi kumi, nazifuata mwenyewe, ila kwako nisipitie lile shimo.