Mrejesho: rimu za Harrier kwenye RAV4

Wakuu, niliuliza kama rimu za Toyota Harrier inchi 17, tairi saizi 225/65, zitakaa kwenye RAV4 yangu ya zamani iliyokuwa na 215/70R16. Zimekaa! Nati tano, duara la nati milimita 114.3, tundu la kati milimita 60.1, gari zote mbili sawa; fundi wa hapa Chumbageni, Tanga, hakuchonga kitu. Mliosema niweke spesa (vipande vya kusogeza rimu nje), asanteni, hazikuhitajika.

Tairi imeongezeka kimo kama asilimia 2.4, kwa hiyo mshale wa spidi ukisoma 100 jua unakwenda kama 102 hivi. Trafiki wa Segera hana muda wa hesabu hizo. Usukani ukikatwa mpaka mwisho, tairi hugusa plastiki ya ndani ya madigadi. Plastiki hiyo tumeivuta nyuma kidogo, kelele kwisha. Kona za Lushoto sasa raha tupu.