Datsun 240Z ya 1972 inauzwa Karen: nianzie wapi kuikagua?

Zeti_Lang'ata
Habari zenu wadau. Kuna Datsun 240Z ya 1972, usukani wa kulia, inauzwa Karen, Nairobi. Rangi ni mpya, injini inashika mara moja, na muuzaji anasema iliwahi kukimbia mbio za Safari Rally. Imekaa gereji muda mrefu. Jumamosi nimepewa asubuhi nzima niende na fundi. Nikague nini kabla sijatoa pesa?

BodiKwanza
Ndugu, injini iache mwisho. L24, injini yake ya asili, ikichoka inafunguliwa na kutengenezwa. Bodi ya 240Z ndiyo chasisi yenyewe, kwa hivyo kutu ikishakula chini, umenunua kazi ya kuchomelea ya miezi. Rangi mpya isikupumbaze, hiyo ndiyo sababu ya kukagua zaidi.

Toa betri kwanza. Asidi huila bati lililo chini yake, kisha hushuka hadi kwenye reli ya upande huo. Inua zulia la mbele pande zote mbili, uingie chini ya gari na tochi na bisibisi. Reli mbili zinazopita chini ya sakafu zigonge kwa mpini: bati zima hulia kwa ukali, lililooza hulia bubu. Funga sumaku ndogo kwenye kitambaa chembamba, uipitishe juu ya matao ya magurudumu ya nyuma, kona iliyo nyuma ya mlango pale chini, na ncha za chini za madigadi ya mbele. Isiposhika, hapo kuna fila, ile plasta ya kuficha kutu.

Mahali wengi husahau ni chini ya kioo cha mbele. Mimina maji polepole, kama lita moja, kwenye matundu ya hewa yaliyo kati ya boneti na kioo. Yote yatoke chini, nyuma ya magurudumu ya mbele. Yakitokea miguuni ndani ya gari, kuna kutu iliyojificha ambayo huwezi kuifikia bila kukata bati la juu. Mimi ningeondoka hapo hapo.

Mwisho, funga milango, piga jeki kwenye reli, utazame pengo kati ya mlango na bodi. Likibadilika, au mlango ukagoma kufunguka, reli hazina nguvu tena.

Kabureta_Mbili
Kwa injini, pima kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda), lakini usiisome kama mtu wa Mombasa. Nairobi tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari na hewa ni nyembamba. Injini inayosoma karibu psi 170 usawa wa bahari itasoma kama 140 hapa, na ni nzima. Muhimu zaidi ni silinda zote sita zikaribiane, tofauti isizidi asilimia 10.

Ipashe moto, kagua nafasi za valvu (moto: milimita 0.25 za kuingiza, 0.30 za kutoa), kwa sababu valvu iliyobana hushusha kipimo bure. Chomoa plagi zote sita na waya wa koili, mtu akanyage mafuta hadi chini, uzungushe injini kwa stata mara zilezile kwa kila silinda. Iliyo chini itie kijiko kimoja cha oili upime tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, ni valvu. Mbili zilizo jirani zikiwa chini pamoja, shuku gasketi ya hedi.

Plagi zikiwa nyeusi na masizi makavu usiogope. Kabureta mbili za 240Z huanzia mizunguko miwili na nusu ya kirekebishi cha chini, na kwa mwinuko wetu hiyo ni petroli nyingi mno. Punguza kidogo kidogo ukisoma plagi.

Barabarani, sikiliza gia ya pili ukishuka kutoka ya tatu, ikikwaruza, sinkronaiza (ringi inayolainisha kuingia kwa gia) imeisha. Mlio wa "tak" nyuma ukiachia klachi mara nyingi ni mpira unaoshikilia difu. Bushi (mipira) za mikono ya magurudumu ya nyuma zikiwa zimekufa, omba punguzo la maana: pini ndefu inayozishikilia hugandana na chuma, na kuitoa huchukua siku nzima na presi.

Zeti_Lang'ata
Asanteni sana. Na hayo madai ya Safari?

LogibukuSafi
240Z ilishinda Safari 1971 na 1973, kwa hivyo kila muuzaji hupenda kuitaja. Tafuta matundu ya boliti za keji (fremu ya chuma ya kumkinga dereva) sakafuni, bati la ziada juu ya shokabzoba za mbele, na alama za ngao ya chini ya injini. Hata ukivipata, bila karatasi za mashindano usiongeze hata shilingi.

Omba rekodi ya gari NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen kabla ya Jumamosi, uende nayo mkononi. Namba ya chasisi imegongwa kwenye ukuta wa bodi ulio nyuma ya injini, na ya usukani wa kulia huanza na HS30. Ukikuta HLS30, lilizaliwa la usukani wa kushoto na likageuzwa. Namba ya injini iko upande wa plagi, nyuma, chini kidogo ya hedi. Wengi wamebadilisha wakaweka injini kubwa zaidi ya L28. Si vibaya, ila muuzaji aandikishe mabadiliko hayo yeye mwenyewe kabla hujalipa.

Tazama pia jina kwenye rekodi hiyo. Mwenye gari ndiye huanzisha uhamisho kwenye akaunti yake, nawe unakubali kwenye yako. Jina likiwa la marehemu, familia ikuonyeshe kwanza hati ya mirathi iliyothibitishwa na mahakama.