Filamu imekatwa kabla mama hajatoka nyumbani, halafu tunaambiwa mama wa Kituruki hasemi

Wakuu, nimetoka zamu ya usiku, sijalala, na usingizi hauji. Tangu Alhamisi, nilipompeleka jirani yangu kutazama filamu ya *Lola und Bilidikid*, nina donge kooni. Nivumilieni, uzi ni mrefu.

Naishi Berlin, Neukölln, huu mwaka wa kumi na mbili. Kazi yangu ni kutunza wazee. Ghorofa ya chini yangu anakaa mzee wa Kituruki, mgane, miaka 78. Mimi namwita Amca, neno lao la ndugu wa kiume wa baba, karibu sawa na ami yetu kule Tanga. Yeye ananiita kızım, binti yangu. Alikuja Ujerumani mwaka 1970 kutoka kijijini Anatolia, akafanya kazi kiwandani mpaka magoti yakamkatalia. Nimemwomba ruhusa niandike haya, akakubali mradi nisitaje jina la mtu.

Amca ana mpwa, mtoto wa dada yake. Kijana alilelewa nusu nyumbani kwa Amca, maana mama yake alikuwa na zamu za usiku kama mimi. Alipofika umri wa kujisemea akawaambia wazazi kwamba anapenda wanaume. Baba akamwambia asikanyage tena pale. Siku hizi yuko Köln, harusi haji, msiba haji. Amca hakumfukuza. Alinyamaza tu. Aliniambia jikoni kwangu, "Kızım, baba yake alimfungia mlango mara moja. Mimi nimemfungia kila siku kwa kunyamaza."

(Nitatumia neno shoga hapa kwa heshima, sina jingine fupi. Kwetu pwani mwanamke humwita shoga rafiki yake wa kushibana, kwa hiyo masikioni mwangu halikuanza kama tusi. Anayetaka kuja hapa na matusi ajifungulie uzi wake.)

Basi nikaona tangazo kwenye mlango wa duka la mikate: kikundi fulani cha utamaduni, jina silitaji, kitaonyesha *Lola und Bilidikid*. Nilikuwa nimeshaitazama mara mbili kwa mfanyakazi mwenzangu. Ni filamu ya Kutluğ Ataman, mzaliwa wa Istanbul, ilionyeshwa Berlinale, tamasha la filamu la Berlin, mwaka 1999 ikapata zawadi maalumu ya jopo la Teddy, tuzo ya filamu za mashoga. Inahusu mashoga wa Kituruki humu humu Berlin, mtaa wa Kreuzberg. Nikamweleza Amca. Akakaa kimya siku mbili. Siku ya tatu akagonga mlango akauliza tiketi bei gani.

Kwa ambao hawajaiona: Murat ni kijana wa shule, anaishi na mama yake na kaka mkubwa, Osman, anayetawala nyumba tangu baba afariki. Murat anaanza kujijua. Halafu anagundua ana kaka mwingine ambaye hakuwahi kuambiwa habari zake. Huyo ndiye Lola, aliyefukuzwa zamani, sasa anapanda jukwaani na wenzake wawili wamevaa kike, na kikundi chao wamekiita Die Gastarbeiterinnen. Kiswahili chetu hakina kike na kiume katika maneno, ngoja nifafanue. Mwaka 1961, tarehe 30 Oktoba, Ujerumani Magharibi ilitia saini mkataba na Uturuki wa kuleta vibarua, na vibarua hao wakaitwa Gastarbeiter, wafanyakazi wageni. Wageni, yaani mtafanya kazi kisha mtaondoka. Lola na wenzake wamelichukua jina lililobandikwa baba zao, wakaligeuza la kike na kuliimbia jukwaani. Amca alivyolisikia alicheka kwa sauti. Ndiyo mara pekee aliyocheka usiku ule.

Na Bilidikid ni mpenzi wa Lola. Jina ni Billy the Kid, yule jambazi wa zamani wa Marekani, limeandikwa vile Mturuki anavyolitamka, kama vile sisi tungeandika bilidikidi. Bili hataki kabisa kuitwa shoga. Yeye ni mwanamume, anasema, na anataka Lola afanyiwe upasuaji awe mwanamke ili waende kuishi Uturuki mume na mke. Lola hataki. Hapo ndipo filamu inaponiuma mimi. Lola anabanwa na kaka aliyemfukuza, anabanwa na Wajerumani wa barabarani, na hata anayempenda anataka kumkatakata afanane na ndoto yake.

Sasa nieleze walichotufanyia.

Kwanza huyo mwendesha shughuli. Akasimama mbele na maikrofoni akasema leo tutapata nafasi ya kuchungulia "jamii sambamba", yaani wahamiaji wanaodaiwa kuishi kivyao, nyuma ya mapazia yao. Yao! Ukumbini tumekaa watu kama arobaini, mmoja wao mzee aliyelipa kodi ya nchi hii kwa miaka zaidi ya hamsini, kavaa koti la kahawia na tai, tasbihi mfukoni. Halafu, kabla taa hazijazimwa, akatutajia nani anamuua Lola. Filamu nzima imejengwa juu ya swali hilo, ila yeye alitaka tuingie tukiwa na jibu tayari, maana jibu hilo ndilo lililomfaa.

Pili, nakala yao haikuwa na maandishi ya tafsiri sehemu za Kituruki. Filamu inaruka kutoka Kijerumani kwenda Kituruki na kurudi, hasa nyumbani kwa kina Murat. Wajerumani waliona midomo inacheza tu. Mimi Kituruki changu ni cha sokoni, kwa hiyo Amca akaanza kuninong'oneza tafsiri sikioni, taratibu, mkono mdomoni asisumbue mtu. Mwanamke wa nyuma akamgonga begani: "Psst!" Ukumbi mzima yeye ndiye aliyekuwa akielewa kila neno, na yeye ndiye aliyenyamazishwa. Hakusema tena. Nilimwona ametoa tasbihi anaizungusha gizani.

Tatu, na hili ndilo limenileta hapa. Karibu na mwisho Murat anarudi nyumbani amevaa nguo na wigi jekundu la Lola, anamkabili Osman mbele ya mama yao. Hapo hapo diski ikakwama. Uso wa Osman ukaganda ukutani, mdomo wazi. Kijana wa mitambo akaitoa, akaifuta kwa shati, akairudisha, ikakwama tena. Mwendesha shughuli akatazama saa akasema, "Tumebakiza kidogo tu, na kiini tumeshakiona, tuingie kwenye mjadala." Taa zikawashwa.

Jamani! Hicho kidogo walichokiruka ndicho kiini chenyewe. Mama yule, ambaye filamu nzima ametembea kwa woga mbele ya mwanawe mkubwa, anajua hatimaye ni nani aliyemmaliza mtoto wake. Naye anamwacha Osman pale pale, anamchukua Murat, anatoka nje, na barabarani anauvua mtandio wake. Mama anachagua mtoto. Hiyo ndiyo sehemu ambayo mimi nilimleta Amca aione. Kwa ajili ya hiyo alivaa tai.

Mjadala ukaanza. Wa kwanza kunyanyua mkono, bwana mmoja wa makamo, akasema tatizo la hizi familia ni kwamba mama zao hawasemi. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mnaelewa? Wamezima filamu kabla mama hajasema, halafu wanamlaumu kwa kutosema!

Kisha mwendesha shughuli akamgeukia Amca. "Labda bwana huyu atueleze, katika utamaduni wenu mambo haya yanachukuliwaje?" Vichwa arobaini vikageuka. Mzee akasimama, kwa sababu amefundishwa kwamba ukiulizwa mbele za watu unasimama. Magoti yale. Akashika kiti cha mbele, akasema kwa Kijerumani chake cha kiwandani, "Mimi nimekuja kutazama filamu." Akakaa. Mtu mmoja akacheka.

Nikanyanyua mkono, nikaanza kueleza mwisho. Nikaambiwa asante, muda umetubana. Muda wa kumhoji mzee wa watu ulikuwepo.

Na haya ndiyo niliyonyimwa nafasi ya kuyasema.

Katika filamu ile wapo vijana watatu Wajerumani, wanasoma na Murat, wenye chuki ya wazi ya Kinazi. Wanamshambulia Murat msalani, shule ilipokwenda Uwanja wa Olimpiki, ule uliojengwa kwa michezo ya Hitler ya 1936. Ataman hakuuchagua uwanja ule kwa bahati. Wanamwandama Lola barabarani. Maiti ya Lola inapookotwa mtoni Spree, Bili na Murat wanaamini ni wao, na kisasi chao kinaishia damu tupu, Bili mwenyewe anafia humo. Katika mjadala wa karibu saa nzima hakuna aliyewataja vijana wale. Hata mmoja. Hakuna aliyeulizwa "katika utamaduni wenu". Na hii ni filamu iliyotoka miaka sita tu baada ya Solingen, ambako Mei 1993 nyumba ya familia ya Kituruki ilichomwa moto usiku wakafa watano, wote wanawake na watoto wa kike. Kabla ya hapo ilikuwa Mölln, Novemba 1992, wakafa watatu. Amca aliniambia miaka ile aliweka kamba nene chini ya kitanda, ya kuwashushia watoto dirishani. Hilo nalo ni utamaduni wa hapa. Wangemuuliza habari ya kamba.

Na kuhusu mashoga, nani anamfundisha nani? Kifungu cha 175 cha sheria ya Ujerumani kiliwafunga wanaume kwa sababu hiyo tangu 1871. Wanazi walikikaza, na Ujerumani Magharibi ikaendelea na kifungu kile kile cha Wanazi mpaka 1969. Watu kama elfu hamsini walitiwa hatiani baada ya vita. Kimefutwa kabisa 1994! Miaka mitano tu kabla ya filamu hii. Waturuki hawakuwa na kosa hilo katika sheria yao ya jinai ya 1858, enzi za dola ya Uthmaniya. Simsafishi mtu. Najua matembezi ya mashoga Istanbul yamepigwa marufuku tangu 2015, najua polisi wanawafanya nini wanaothubutu kutoka, na najua alichofanyiwa mpwa wa Amca hapa hapa Berlin. Lakini huwezi kusimama na maikrofoni ukajifanya nyumba yako ilifagiliwa tangu zama za Nuhu.

Nami nina ugomvi na filamu yenyewe, nisijifiche. Kumfanya Osman awe ndiye muuaji, yeye ambaye ndani ya nafsi yake ana siri ile ile anayoichukia kwa Lola na aliwahi kumnajisi, kunamwacha mtazamaji Mjerumani avute pumzi: alaa, kumbe si sisi. Naielewa nia ya Ataman, anawaambia watu wake watazame ndani. Ila alipaswa kujua kuna watakaopita mlango huo wakimbie. Alhamisi niliwaona wakipita.

Ijumaa nikawaandikia, kurasa mbili, Kijerumani kizuri, mwenzangu alinisahihishia. Nikawaomba mambo mawili: waionyeshe tena filamu nzima ikiwa na maandishi, na wamwombe radhi mzee. Jibu limekuja mistari mitano. Wanasikitika kwa "hitilafu ya kiufundi". Wanafurahi kwamba filamu imenigusa. Wananipa tiketi mbili za bure za onyesho la mwezi ujao. Kuhusu mzee hakuna neno. Hata "bwana yule" halimo.

Tiketi zao sizitaki. Siko tayari kulipwa kwa aibu aliyotiwa mtu mwingine.

Jumapili mfanyakazi mwenzangu aliniletea nakala yake, yenye maandishi kila mahali. Nikamwita Amca. Tumetazama jikoni kwangu, chai ipo, hakuna wa kumwambia psst. Alinitafsiria kwa sauti hata palipokuwa na maandishi. Mama alipotoka na Murat, akaniomba nirudishe. Nikarudisha. Akaniomba tena. Mara ya tatu hakutafsiri kitu, akavua miwani akaiweka mezani. Alipoondoka alinitaka nimwandikie jina la filamu kwenye karatasi kwa herufi kubwa, akaikunja akaitia kwenye mfuko wa shati. Sikumuuliza ni ya nani.

Ninachotaka kwenu: kama kuna mtu hapa Berlin anayefahamiana na wenye kumbi, anisaidie tupate usiku mmoja wa kuionyesha yote, mwanzo hadi mwisho, yenye maandishi, na mwendesha mjadala awe mtoto wa Kituruki wa Kreuzberg. Wapo wengi, nendeni usiku wa Gayhane, dansi ya mashoga wa Kituruki, pale ukumbi wa SO36 muwaone wanavyojaza ukumbi tangu miaka ya tisini. Hakuna anayehitaji kuwachungulia nyuma ya pazia.

Na kikundi kile kina mkutano wa wazi Jumatano saa moja jioni. Nitakwenda na barua yangu na jibu lao, nitayasoma yote mawili kwa sauti. Nilimwambia Amca abaki nyumbani, apumzishe magoti. Amesema atakuja, na atavaa koti lile lile.