Nabii, kusoma mbele si kukisia. Na ndiyo, ni mimi niliyekutoa kundini

Mnaouliza tangu Jumatatu ni nani aliyemtoa Nabii kwenye kundi letu la WhatsApp la The Walking Dead, ile tamthilia ya mazombi ya Marekani, msimtafute mbali. Ni mimi. Nimemwona akizunguka kila mahali akilia ati ametolewa kwa sababu ya "nadharia tu". Nadharia! Wadau, leo namwaga mtama. Mkimaliza kusoma mtanitukana vile mnataka.

Jina la Nabii tulimpa sisi wenyewe, 2012, kwenye kibanda cha chai huku Umoja, na tulimpa kwa heshima zote. Msimu wa tatu ulikuwa haujaanza, lakini jamaa tayari anatusimulia maisha ya gerezani yatakuwaje, kwamba yule aliyejifunika kofia na kushika upanga ni mwanamke na ni mtu wa maana, na kwamba kuna kiongozi wa mji fulani atakayekuja kuwatoa jasho. Mwezi wa kumi ukafika, yakawa. Tukaduwaa. Mtu anakoroga chai, anasema "nahisi tu, wazee," halafu mambo yanatokea. Mandazi yake tulikuwa tunalipa sisi.

Mwaka uliofuata nikamwomba flashi nikopi episodi nilizokosa. Nachomeka kwenye kompyuta, naona folda imeandikwa "Kazi ya Chuo". Mimi na umbea wangu nikafungua. Kumbe ni vile vitabu vya katuni vya Robert Kirkman ambavyo tamthilia ilitokana navyo, vimeskaniwa, toleo la kwanza mpaka kupita la mia. Vitabu hivyo vilianza kutoka 2003, miaka saba kabla ya televisheni kuonyesha zombi wake wa kwanza. Huyo ndiye nabii wetu. Malaika wake ni PDF.

Nilinyamaza, na kosa hilo nalibeba. Nilidhani ni utani wa mandazi.

Lakini wacha niwaonyeshe mtu anayekisia kweli anafananaje. Mwisho wa msimu wa kwanza yule daktari Jenner anamnong'oneza Rick, mhusika mkuu, kitu sikioni kabla jengo halijalipuka. Hatusikii. Karibu msimu wote wa pili Rick ameikalia siri hiyo. Dada yangu alikuwa akitazama nasi huku anachagua mchele, na nusu ya muda haangalii hata skrini. Tukafika ile episodi ambayo Rick na rafiki yake Shane wanakuta maiti za walinzi wawili waliokuwa wamegeuka zombi. Ungo ukasimama. "Hawa hawana alama ya meno." Tukamwambia, labda wamekwaruzwa, hata Shane amesema hivyo. "Mimi siongei na Shane. Hawana alama ya meno. Basi si lazima uumwe. Hicho kitu wako nacho wote." Wiki tatu baadaye, Machi 2012, Rick akafungua mdomo: wote wameambukizwa, na mtu akifa kifo chochote anainuka. Dada alikuwa ameshasahau kwamba alisema. Hajawahi kushika kile kitabu cha katuni mpaka leo.

Huko ndiko kukisia, bana. Kitu kimewekwa mbele ya macho ya kila mtu, na wewe ndiye umekiona.

Sasa twende 2016, maana Nabii anapenda kutaja 2016 kama cheti cha shule. Episodi ya mwisho ya msimu wa sita ilionyeshwa Marekani Jumapili tarehe 3 Aprili usiku, na huku kwetu ilikuwa Jumatatu saa kumi alfajiri. Sisi tuliipata kibanda cha muvi kilipofunguliwa. Negan, adui mpya, amewapigisha magoti watu kumi na mmoja wa upande wa Rick, ana rungu limezungushiwa seng'enge na amelipa jina la Lucille, anahesabu kama watoto wanaochagua nani ataanza mchezo. Kamera inakuwa macho ya yule anayepigwa. Damu inateremka kwenye skrini. Giza. Kisha tungoje zaidi ya miezi sita! (Watengenezaji nao nina kesi nao, lakini ya leo si yao.)

Ile miezi, jameni, ilikuwa mitamu kuliko msimu wenyewe. Tuliomba vifuniko vya soda kumi na kimoja kwa mama wa chai, tukavipanga nusu duara juu ya meza na kuviandika herufi kwa kalamu. R wa Rick, D wa Daryl, M mbili ambazo zilituchanganya kila siku kwa sababu kuna Michonne na kuna Maggie. Mtu akija anasogeza kifuniko, anatoa hoja yake, mwingine anakirudisha. Jamaa mmoja anayeshona viatu pale stejini, ambaye anaona episodi moja anakosa mbili, alichukua kifuniko cha Abraham akakiweka katikati. Akasema ukitaka kutiisha watu kumi na mmoja humpigi mnyonge, unampiga yule anayekukazia macho, wengine watalainika wenyewe. Hakuongeza neno, akarudi kwenye kiatu chake.

Nabii akasema Glenn. "Nahisi tu, wazee."

Tarehe 23 Oktoba ikafika. Wa kwanza kuuawa akawa Abraham. Wa pili Glenn. Na Nabii akadai mandazi sawa na fundi wa viatu! Fundi alisoma mtu. Wewe ulisoma toleo la 100, lililotoka Julai 2012, ambamo Glenn anauawa na Negan yuleyule kwa rungu lilelile. Miaka minne unajua, unakaa na sisi, unasogeza vifuniko, unajikuna kidevu kana kwamba unafikiri. Tena kwenye televisheni Glenn alikufa kwa sababu Daryl aliruka akampiga Negan ngumi, na hilo Nabii asingeliona hata kwa darubini, kwa kuwa Daryl hayumo kabisa kwenye vitabu vya katuni. Aliumbiwa televisheni. Rudini nyuma muangalie jumbe zake zote: hajawahi "kuhisi" lolote kuhusu Daryl. Mhusika anayependwa kuliko wote, na nabii hana ufunuo.

Na Carl, mtoto wa Rick, je? Nabii alituapia Carl hafi. Ati ameona rohoni Carl akiwa mtu mzima. Hakuona rohoni, kwenye katuni Carl anafika mwisho akiwa mzima na ana mtoto. Desemba 2017 Carl anainua shati, alama ya meno iko ubavuni, na Februari iliyofuata anazikwa. Siku ile kundi zima lilimwita Nabii kwa jina. Alama mbili za buluu, kimya. Alirudi baada ya sikukuu akiuliza bei ya gesi.

Yote hayo tungemsamehe. Mimi mwenyewe ningemsamehe, kwa sababu mchezo wa watu wazima ni mchezo tu. Kilichonifikisha hapa ni Jumapili.

Yule mtoto wa dada yangu yuko kidato cha tatu, yuko nyumbani likizo, na ameanza kuitazama tangu mwanzo kwenye laptopu yangu ya zamani ambayo betri ilikufa, kwa hivyo token zikiisha hadithi inaishia hapo. Mwezi mzima anakwenda nayo polepole. Nikamwingiza kundini baada ya kuwaomba wote, kwa maandishi: kijana ni mgeni, akisema yuko wapi, mwongeleshe mpaka hapo. Nabii alikuwa wa kwanza kuweka dole gumba.

Jumapili kijana amefika msimu wa sita, episodi ya tatu. Mnaijua. Glenn na Nicholas wako juu ya pipa kubwa la taka, mazombi wamejaa chini kama watu wa stejini siku ya mvua, Nicholas anajipiga risasi, wanaanguka wote wawili, tunaona matumbo yanavutwa na uso wa Glenn unapiga kelele. Sisi 2015 tuliteswa na hiyo picha karibu mwezi mzima. Mpaka jina la Steven Yeun, anayeigiza Glenn, walilitoa kwenye orodha ya waigizaji mwanzoni, ili tuamini amekufa. Huo nao ulikuwa uhuni, ila ni uhuni wa mwenye hadithi.

Kijana hakulia. Alirudisha nyuma mara sita au saba, nilikuwa nikimhesabu nikiwa jikoni. Kisha akaniita. Amesimamisha picha, ameweka kidole kwenye skrini palepale. "Anko, angalia. Nicholas ameanguka juu yake. Hii shati inayoraruliwa si ya Glenn. Kifua cha Glenn hakionekani hata mara moja. Kwa nini wanatuficha kifua?" Nywele zilinisimama. Nikaona ungo wa mama yake. Nikamwambia sijui, andika kundini, usikie wengine. Mimi niliyejua kila kitu nikasema sijui, na haikuniuma popote.

Akaandika vizuri, mistari minane hivi, na juu kabisa ameweka: NIKO MSIMU WA 6, EPISODI YA 3. Herufi kubwa. Watu wakaanza kumchokonoa kwa ustaarabu, mmoja akamuuliza, na hapo chini ya pipa kuna nafasi gani?

Dakika haikuisha. Nabii: "Nadharia yangu, kijana: atajivuta chini ya pipa atoke mzima. Lakini usimzoee sana, kuna rungu linamsubiri 😂"

Sentensi mbili. Ya kwanza imemnyang'anya alichokuwa karibu kukipata kwa macho yake mwenyewe. Ya pili imemmalizia msimu mzima. Na zote mbili zimevaa kanzu ya "nadharia yangu" ili nikilalamika nionekane mpinga maoni.

Msije na ile hoja ya kwamba mchezo huu wa televisheni ni wa zamani. Ni wa zamani, ulikwisha Novemba 2022, na mtu akiingia kwenye mazungumzo ya watu waliomaliza akakutana na yake, shauri yake. Huyu hakuingia mahali. Alisimama mlangoni, akasema niko hapa, msinipitishe. Kuna episodi 177, yeye alikuwa amefika ya 70. Nabii alisoma hiyo namba, akapima, akatupa.

Kijana alisema "sawa" akafunga laptopu, akaenda dukani kununua unga ambao hakuna aliyemtuma. Usiku akafungua tena, akaruka moja kwa moja mpaka episodi ya saba. Glenn yuko chini ya pipa, anatoka, yule msichana Enid anamrushia maji ya chupa kutoka juu. Sisi 2015 tulipiga mayowe mpaka jirani akagonga ukuta. Yeye aliitazama kama mtu anayetazama marudio ya mechi. Akanywa chai yake. Akachukua simu, akaandika kundini:

"Hilo rungu ni la Glenn peke yake?"

Nikatazama juu ya skrini. Jina la Nabii, na kando yake: anaandika…

Nikabonyeza.