Hendibreki inapanda hadi meno 12 na bado gari inarudi nyuma mlimani

MgosiChumbageni
Wakuu, habari za kazi. Gari ni Toyota Probox, breki za nyuma ni za dramu, nipo Tanga mjini. Mkono wa hendibreki unapanda meno 12 ndipo unashika, na kwenye mlima wa Soni kwenda Lushoto gari inarudi nyuma taratibu nikiachia pedali. Breki ya mguu inashika, ila pedali imeanza kwenda chini kuliko zamani. Nikikaza ile nati iliyo kwenye mkono itatosha, au lazima nifungue nyuma?

Dereva_Pongwe
Kaza nati kwa spana namba 10, mizunguko michache tu. Kazi ya dakika tano.

FundiNgamiani
Mgosi, nati hiyo ni ya mwisho. Pedali inayoshuka inaonyesha shuu, yaani vile vipande vya ndani vinavyosukumwa kubana dramu, zimekaa mbali nayo: zimelika, au ajasta, kile kifaa kinachozisogeza karibu na dramu, imeganda. Ukivuta kebo peke yake, ule wenzo mdogo ndani ya dramu haurudi mpaka mwisho wake. Shuu zinabaki zikigusa, dramu inapata moto, na ajasta inaacha kujirekebisha. Baada ya muda pedali itakuwa chini zaidi ya ilivyo sasa.

Weka gari mahali tambarare, zuia matairi ya mbele pande zote mbili, shusha hendibreki, inua nyuma na uikalishe kwenye stendi. Usiiamini jeki peke yake. Legeza kabisa nati ya kebo, ile iliyo kwenye mkono, kisha vua gurudumu na dramu. Dramu ikigoma, funga bolti mbili za milimita 8 kwenye matundu yake yenye nyuzi, uzikaze kwa zamu, kidogo kidogo.

Pima shuu. Zikibaki na milimita 1 ya kulika, badilisha kushoto na kulia kwa pamoja. Shuu iliyolowa mafuta ya breki haisafishiki, itupe na ushughulikie silinda inayovuja. Vumbi lilowanishe kwa maji, usilipulize kwa upepo, maana ni sumu kwa mapafu.

Chomoa ajasta, sugua nyuzi zake kwa brashi ya waya, paka grisi kidogo ya kuhimili joto. Ya kushoto na ya kulia zina nyuzi kinyume, kwa hiyo usizichanganye. Rudisha dramu na gurudumu, toa kizibo cha mpira kwenye bamba lililo nyuma ya dramu, zungusha ajasta kwa bisibisi bapa mpaka gurudumu likatae kuzunguka. Kwa bisibisi ya pili sukuma kidole kinachozuia ajasta, urudishe meno 8 hivi. Gurudumu lazima lizunguke huru. Fanya na upande wa pili, halafu kanyaga pedali mara kadhaa.

Sasa ndipo ukaze nati ya kebo, mpaka mkono ushike kati ya meno 6 na 9 ukivutwa kwa nguvu ya kama kilo 20. Ukiushusha, magurudumu yote mawili yazunguke bila kukwaruza.

Bweni_Gereji
Fundi kamaliza, naongeza kebo tu. Huku pwani chumvi inaila upesi. Ganda la plastiki likipasuka, maji yanaingia na waya wa ndani unavimba kwa kutu. Chungulia chini ya gari pale kebo mbili zinapokutana: kile kipande cha kusawazisha kikilala upande mmoja wakati mkono umevutwa, kebo ya upande mmoja imeganda. Badilisha. Oili ya kumimina haidumu. Na anayeegesha mjini bila kuvuta hendibreki kwa miezi ndiye kebo yake huganda kwanza.

MgosiChumbageni
Shukrani wakuu. Na breki ya mguu ikikatika njiani, hendibreki itasimamisha gari?

FundiNgamiani
Itasimamisha, ila kwa umbali mrefu zaidi, kwa sababu inashika magurudumu ya nyuma tu na uzito wa gari hukimbilia mbele. Kwanza pampu pedali haraka na shusha gia moja moja. Kisha bonyeza kitufe cha mkono, usikiachie, vuta polepole. Nyuma ikianza kuteleza, legeza kidogo. Ukivuta kwa ghafla magurudumu yanajifunga na gari inageuka. Usizime injini kabla haijasimama, maana usukani utakuwa mzito.