Nimeongeza RAM, kanzidata imezidi kuwa nzito. Nakosea wapi?

mtunza_stoo: Wakuu, shikamooni mliotutangulia, wengine mambo vipi. Naangalia seva ya duka la jumla: kanzidata ni PostgreSQL juu ya Linux, diski mbili za kuzunguka, RAID 1 (kila diski ni nakala ya mwenzake). Ilikuwa na RAM ya GB 16, nikambembeleza bosi tukaweka GB 64. Sasa kila saa moja jioni bakapu (nakala ya akiba) ikianza, mauzo yanaganda. Karani anabonyeza "hifadhi", kimya nusu dakika, halafu risiti tano zinatoka kwa mpigo. CPU imelala tu. Zamani bakapu ilisumbua kidogo, si hivi. Bosi anauliza hela yake imeenda wapi.

kombo_wa_pili: Diski zimechoka hizo. Nunua SSD, diski za kasi zisizozunguka.

mtunza_stoo: Hela ya SSD ndiyo iliyoishia kwenye RAM mkuu 😅

dada_kerneli: Usinunue kitu. Bakapu inaandikwa kwenye diski hizohizo? Ikiganda, piga `grep Dirty /proc/meminfo`, halafu `sysctl vm.dirty_ratio vm.dirty_background_ratio`, utubandikie.

mtunza_stoo: Hizohizo dada. Dirty: 5903412 kB. Nyingine ni 20 na 10.

dada_kerneli: Haya sasa. Programu ikiandika faili, Linux kwa kawaida huipokea kwenye RAM na kuijibu "tayari", diskini itafika baadaye. Hiyo inayosubiri kwenye RAM ndiyo Dirty. Kerneli (kiini cha Linux) huanza kumwaga data diskini ikikaa sekunde 30 au ikifika asilimia 10 ya kumbukumbu iliyo huru. Ikifika 20, anayeandika anasimamishwa. Kwa GB 16 ulikuwa unaanzia kama GB 1.6, sasa ni GB 6 hivi. Bomba ni lilelile, ndoo imegeuka simtangi. COMMIT ya karani (amri ya kukamilisha mauzo kwenye kanzidata) inadai fsync, yaani ifike diskini kweli, na inakuta gigabaiti za bakapu zimejipanga mbele yake.

Weka ukomo wa baiti badala ya asilimia (MB 64 kuanza kumwaga, MB 512 kusimamisha), faili liwe ndani ya /etc/sysctl.d/:

vm.dirty_background_bytes = 67108864
vm.dirty_bytes = 536870912

Kisha `sysctl --system`. Zile za asilimia zitasoma 0, usishtuke.

mzee_wa_seva: Marahaba kijana. Msikilize dada. Ila asitokee mtu akakushauri uzime fsync: itakimbia kweli, mpaka siku umeme ukatike. Na shared_buffers, RAM ambayo PostgreSQL inajitengea, umeweka ngapi? Watu huanzia robo ya RAM.

mtunza_stoo: Mrejesho. Jana bakapu imechelewa dakika kumi zaidi, lakini Dirty haikuvuka MB 512 na karani alikwama mara moja tu, sekunde mbili hivi. Wikiendi naihamishia bakapu kwenye diski ya nje.

Shared_buffers nimeikuta 128MB, ilivyokuja na PostgreSQL. Miaka miwili. Hilo bosi sijamwambia.