Kusomea muziki wa asili wa Hungaria na kuishi nao, inawezekana kwa mtu wa Mwanza?

MwalimuWaNyakato:
Wakuu habari za humu. Mimi ni mwalimu wa msingi hapa Mwanza, parokiani napiga kinanda na violini kidogo ya kujifunza YouTube (sina mwalimu ndo maana shingo inauma kila jumatatu). Sasa juzi nikakutana na video ya vijana wa Hungaria, violini mbili na besi basi, watu wanacheza wanajipiga viganja kwenye mabuti mpaka nikakumbuka bugobogobo, ngoma yetu ya Kisukuma. Tangu hapo silali, nimeangalia mpaka bando limekata. Swali langu, kuna mtu anaishi kwa hiyo kazi kweli, yaani kutafiti, kupiga na kufundisha, au ni mambo ya wikiendi? Maana nikimwambia mama naenda kusomea ngoma za Wazungu atasema nimelogwa.

SatoWaKirumba:
Hujalogwa ila uko njiani 😂 Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora yapo hapo Kisesa, nauli ya daladala tu, wewe unataka kupanda ndege

MzeeWaDebrecen:
Mwalimu usimsikilize huyo. Nimekaa Debrecen huko Hungaria kwa masomo ya kilimo, ila kila wiki nilikuwa naenda táncház, maana yake nyumba ya ngoma. Unafika, bendi inapiga laivu, kuna mtu anakufundisha hatua, ukikosea unacheka unaendelea. Ilianza Budapest 1972, vijana wa mjini walichoka kuona ngoma za jukwaani zimepigwa pasi, wakaenda vijijini hasa Transylvania huko Romania kwenye vijiji vya Wahungaria kama Szék, kujifunza kwa wazee wenyewe, na wapigaji wengi wa huko walikuwa Waroma, wale wanaoitwa Majipsi. UNESCO wakaitambua 2011.

Hiyo violini ya pili inaitwa kontra, ina nyuzi tatu na daraja lake ni bapa, kwa hiyo uta unagusa nyuzi zote tatu kwa mpigo. Kazi yake ni kumbeba anayeongoza, kama yule wa gitaa la ridhimu kwenye dansi, hakuna anayemsifia lakini akinyamaza ngoma imekufa.

Kuhusu kuishi nayo, wapo wanaoishi. Ila sikuona hata mmoja anayekula kwa kupiga peke yake! Mchana anafundisha shule ya muziki, ijumaa anapiga, likizo yuko kijijini na rekoda. Chuo cha Liszt cha Budapest kina idara ya muziki wa asili tangu 2007, lakini hapo jiandae kujifunza Kihungaria, na usiogope sana, kinabandika viambishi mwishoni kama sisi tunavyobandika mwanzoni. Mkazo uko silabi ya kwanza siku zote ndo maana nyimbo zao zinaanza na kishindo.

Besi_wa_Kwaya:
Mwl wewe ni mwalimu, mbona unaanzia violini? Zile do re mi tunazosoma kwaya ndo hizo hizo Kodály, mtunzi wa muziki wa huko, aliwafundishia watoto wa Hungaria, na ishara za mkono, do ngumi, la mkono unaning'inia. Ishara zilitoka Uingereza kwa mwalimu Curwen, Kodály akaziunganisha na nyimbo za kijijini kwao, akisema mtoto aanze na wimbo wa lugha ya mama yake. Kecskemét alikozaliwa kuna taasisi yenye jina lake tangu 1975, wageni wanasoma kwa Kiingereza. Ufadhili tafuta Stipendium Hungaricum, ule wa serikali ya Hungaria.

Halafu mtunzi mwenzake Bartók mnajua alianzaje kukusanya nyimbo za kijijini? 1904 alimsikia yaya akiimba, basi. Baadaye wakazunguka vijijini na fonografu, bibi anaimbia kwenye pembe sauti inachorwa kwenye silinda ya nta. 1913 alifika mpaka Biskra, Algeria. Na nyimbo zao za zamani nyingi zina nota tano tu, mstari ukiisha unarudiwa kwa sauti ya chini. Muimbie bibi yako Msukuma hatashangaa.

MwalimuWaNyakato:
Daah yaya tena. Nashukuru sana wakuu, MzeeWaDebrecen shikamoo. Sasa nikiomba nafasi watataka nionyeshe nini, mimi cheti changu ni cha ualimu tu

MzeeWaDebrecen:
Marahaba. Sharti za chuo soma kwenye tovuti yao. Ila mimi ningeenda na kitu ambacho hawana, nyimbo kumi ulizorekodi mwenyewe, umeandika nota, maneno, nani kaimba, wapi, na huwa anaimba akifanya nini. Hiyo ya mwisho watu wanaisahau na ndo utafiti wenyewe. Na muombe ruhusa mwimbaji kabla hujawasha simu, siyo baada.

BintiUkerewe:
Njoo huku kwetu. Kuna babu jirani bado ana nanga, ile ala ya muziki siyo ya mtumbwi, kamba moja ndefu imepitishwa kwenda na kurudi mpaka zimekuwa nyuzi kadhaa. Wajukuu hawaitaki. Ila anapiga jioni tu akishatoka ziwani na hapendi haraka, njoo na sukari.

SatoWaKirumba:
Haya mimi nitakushikia simu ya kurekodi, chakula juu yako

MwalimuWaNyakato:
😂 sawa. BintiUkerewe jumamosi hii yupo? Na feri ya Nansio siku hizi inaondoka saa ngapi